Gitaa la Umeme Kambini na Usingizi wa Jirani: Tuchague Hedifoni Gani?

Katika maisha ya kambi kuna sauti ambazo kila askari huzikubali bila kunung'unika: filimbi ya alfajiri, baragumu, kishindo cha mabuti uwanjani, na kilio cha mtoto wa jirani usiku wa manane. Lakini iko sauti moja ambayo imekwisha kuharibu ujirani mwema katika kota nyingi, nayo ni sauti ya gitaa la umeme mikononi mwa mtu anayejifunza. Gitaa likipigwa na fundi, hata aliyetoka lindoni huweza kuvumilia kidogo. Mwanafunzi hurudia mstari ule ule mara arobaini, akikosea mahali pale pale, na jirani aliyejilaza upande wa pili wa ukuta hulingoja kosa lile kama mtu angojaye risasi.

Sisi tuliopata kulala katika vile vibanda vya mabati vya mviringo, ambavyo askari polisi wa Uganda waliviita yuniporti, hatuhitaji kuelezwa jinsi bati linavyoipokea sauti na kuipitisha nje ikiwa imeongezewa ukali. Hata kota za matofali zilizojengwa kwa safu moja ndefu hazina siri. Ukuta ni mmoja kwa familia mbili, na mara nyingine dari ni moja kwa familia sita. Humo huishi koplo aliyekesha lindoni, ambaye hana budi kulala saa nne za asubuhi. Na humo humo huishi mwenziwe aliye katika siku ya mapumziko, mwenye gitaa na mwenye hamu. Wote wawili wana haki, na ugomvi wa haki mbili humshinda hata afande mwenye busara.

Wala mtu asidhani kwamba gitaa ni jambo geni kwa watu wa sare. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1970, baadhi ya bendi zilizopendwa zilikuwa za vikosi: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Askari anayejifunza solo au rithimu leo anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wakubwa zake, na yafaa asaidiwe kuifuata bila ya kuitwa ofisini kila juma.

Msaada huo umekwisha kupatikana, nao ni hedifoni, yaani vile visikilizio vivaliwavyo kichwani. Nasi twauunga mkono. Lakini tumewaona askari wakinunua hedifoni kwa kufuata rangi, au jina lililoandikwa ubavuni, au maneno matamu ya mwenye duka, kisha wakavunjika moyo. Tumewaona pia wengine, ambao ndio watutiao hofu zaidi, wakiuokoa usingizi wa jirani kwa kuyauza masikio yao wenyewe. Kelele ambayo zamani ilipigana na ukuta sasa imehamia kichwani, na kichwani hakuna jirani wa kugonga mlango na kusema basi.

Kwa kweli hedifoni ilikuwa jamaa ya askari kabla haijawa jamaa ya mwanamuziki. Mnamo mwaka 1910 mtu wa Utah nchini Marekani, Nathaniel Baldwin, alikuwa akitengeneza hedifoni kwa mikono yake jikoni mwake, na mteja wake mkubwa wa mwanzo alikuwa jeshi la majini la Marekani, lililozihitaji kwa mafundi wake wa redio. Mwaka 1958 ndipo John Koss wa Milwaukee alipoleta hedifoni za kustarehea muziki kwa masikio yote mawili. Na mwaka 1982 Tom Scholz, mpiga gitaa wa kundi la Boston ambaye pia ni mhandisi, alitoa kijisanduku kilichoitwa Rockman. Gitaa huchomekwa upande huu, hedifoni upande huu, na mtu akapiga apendavyo bila ya mwingine kujua. Vijisanduku vinavyouzwa leo ni wajukuu wa kile.

KATI YA GITAA NA HEDIFONI

Kosa la kwanza, nalo ni la kawaida, ni kudhani kwamba hedifoni huchomekwa katika gitaa lenyewe. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna pikapu, na hapa hatuna maana ya gari la mizigo. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi unapotikisika juu ya sumaku hiyo huzaliwa umeme, lakini umeme mdogo sana, usioweza kuisukuma hata hedifoni nyepesi. Lazima pawe na kitu cha kati cha kuukuza umeme huo: amplifaya yenye tundu la hedifoni, au kijisanduku kidogo cha betri, au simu ama kompyuta iliyounganishwa na gitaa kwa kifaa maalumu.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua hedifoni aanze kwa kuchagua, au kwa kukiangalia, hicho kitu cha kati. Kwa askari ambaye huhamishwa mara kwa mara na ambaye umeme wa kambini hukatika bila taarifa, sisi twapendelea kijisanduku cha betri. Vox ilitoa mwaka 2007 kimoja kiitwacho amPlug, kinachochomekwa moja kwa moja katika gitaa na kinachotumia betri mbili zile nyembamba. Kinaingia katika mfuko wa shati la sare. Aliye na makao ya kudumu na nafasi ya meza ataridhika zaidi na amplifaya ndogo za nyumbani, kwa mfano zile za Yamaha ziitwazo THR, zilizoanza kutolewa mwaka 2011.

Jambo moja katika vifaa hivi halina budi kuulizwa dukani kabla ya mengine yote: je, kifaa hiki kinaiga kabati la spika? Swali laonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtu atalipenda gitaa lake au atalichukia. Spika ya gitaa, ile pana ya inchi 12, si spika kamili kama ya redio. Ikifika hezi elfu tano hivi huanza kukataa, na sauti kali zilizo juu ya hapo huzimeza. Masikio yetu yameizoea tabia hiyo, na sauti tuipendayo jukwaani ndiyo sauti iliyokwisha kuchujwa na spika. Hedifoni haimezi kitu. Huenda hadi hezi 20,000, na kila mkwaruzo uliokuwa ukifichwa na spika huutoa peupe. Anayeongeza mkwaruzo wa makusudi, kama wafanyavyo wapigaji wa roki, husikia kitu kinachofanana na nyigu waliofungiwa katika kopo. Mwenye kukuta hali hiyo hukimbilia kulaumu hedifoni yake na kutafuta nyingine ya bei kubwa zaidi, ambayo itamwonyesha nyigu hao kwa uwazi mkubwa zaidi. Kasoro iko katika kifaa cha kati, na dawa iko huko huko.

Wale wapigao kwa mtindo wa Kongo, mtindo wa Franco na Docteur Nico, sauti safi inayong'aa bila mkwaruzo, hawatasumbuliwa sana na nyigu. Lakini nao watastaajabu mara ya kwanza, maana gitaa lililo wazi namna ile, likiwa limekaa katikati ya fuvu la kichwa bila mwangwi wa chumba, husikika kavu kama kuni. Mwangwi kidogo tu ukiongezwa, sauti hurudi kukaa mbele ya mpigaji, mahali pake pa haki.

WAYA AU BILA WAYA

Siku hizi askari vijana wengi wamekwisha kuwa na hedifoni zisizo na waya, zile za Bluetooth, ambazo wamezinunua kwa kusikilizia simu. Swali tuliloulizwa zaidi kuliko yote ni hili: je, haziwezi kutumika kwa gitaa? Jibu letu ni kwamba hazifai, na sababu yake kila aliyepita katika gwaride ataielewa.

Kikosi kirefu kinapotembea nyuma ya bendi, askari wa nyuma kabisa huisikia ngoma ikiwa imechelewa. Sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde, ambayo ni mbio kubwa, lakini safu ikiwa ndefu kiasi cha kutosha, mguu wa nyuma huanguka baada ya mguu wa mbele, na mwalimu wa gwaride hupandwa na hasira. Hedifoni za Bluetooth hufanya jambo hilo hilo. Sauti hufungashwa, hurushwa hewani, hufunguliwa, na shughuli hiyo huchukua muda ambao mara nyingi huzidi milisekunde 100 na hata kufika 200. Milisekunde 200 ni sawa na kupiga gitaa huku spika yako ikiwa mita 68 kutoka uliposimama, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwa anayesikiliza wimbo hakuna hasara; wimbo wote umechelewa kwa pamoja na yeye hajui. Kwa anayepiga, kidole kimekwisha kuondoka kwenye uzi ndipo noti inasikika. Mwanafunzi afanyaye mazoezi hivyo kwa mwezi mmoja hujifunza kuchelewa, na kufundishwa upya ni kazi ngumu kuliko kufundishwa mara ya kwanza.

Ziko hedifoni zisizo na waya zilizotengenezwa hasa kwa gitaa, kama Waza-Air ya kampuni ya Boss iliyotangazwa mwaka 2020, ambazo hazipitishi sauti ya gitaa kwa Bluetooth bali hutumia kirusha mawimbi chake zenyewe chenye wepesi wa kutosha. Ni vyombo vizuri, lakini bei yake si ya mshahara wa konstebo. Kwa wengi wetu waya unabaki kuwa rafiki. Uwe mrefu kiasi cha mita mbili au tatu ili mtu asivutwe kichwa anapogeuka, na ikiwezekana uwe wa kuchomoka upande wa hedifoni, maana waya ndiyo ya kwanza kufa, na ni afadhali kununua waya mpya kuliko hedifoni mpya.

Tukiwa bado katika waya, tukumbuke plagi. Ziko mbili: nyembamba ya milimita 3.5, na nene ya milimita 6.35 inayolingana na ile ya gitaa. Kiunganishi cha kugeuza moja kuwa nyingine ni kitu cha fedha kidogo, na afadhali kiwekwe pamoja na hedifoni daima, kwa kuwa hupotea kama pini za kofia. Kwa vile plagi nene zafanana, wako waliochomeka hedifoni katika tundu la spika nyuma ya amplifaya. Asithubutu mtu kufanya hivyo. Nguvu iliyokusudiwa kutikisa spika kubwa ikiingia katika kitu kilicho juu ya sikio, hedifoni huungua, na sikio huumia kabla ya hapo. Na mwenye amplifaya ya zamani ya valvu asiichomoe spika yake kwa kutaka kimya. Amplifaya ya namna hiyo ikifanya kazi bila mzigo wa spika yaweza kuunguza transfoma yake.

ILIYOFUNGWA NA ILIYO WAZI

Hapa ndipo penye uchaguzi hasa, na hapa ndipo askari anapotofautiana na raia.

Hedifoni zote kubwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni iliyofungwa: kikombe chake kimezibwa nyuma, sauti haitoki nje na kelele ya nje haiingii kwa urahisi. Ya pili ni iliyo wazi: nyuma ya kikombe kuna wavu au matundu, hewa inapita, na sauti inapita pamoja nayo. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoiingiza sokoni aina hii ya wazi mwaka 1968, kwa hedifoni iitwayo HD 414. Wapenzi wa muziki huisifu kwa kuwa sauti yake haibanwi. Gitaa hukaa kama limo chumbani, na masikio hayapati joto.

Vitabu vingi humwambia mpiga gitaa wa nyumbani achague iliyo wazi, kwa sababu ya utamu wake. Ushauri huo ni wa mtu mwenye chumba chake peke yake. Askari anayelala chumba kimoja na mkewe na mtoto mchanga, au bwenini na wenzake kumi, akivaa iliyo wazi atawasikizisha wote sauti nyembamba ya gitaa, ndogo kama mbu, na twajua sote kwamba mbu mmoja hutosha kumnyima mtu usingizi. Kwa mtu huyo iliyofungwa ndiyo ya haki.

Tena iliyofungwa ina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Kambini hakuna kimya. Pana jenereta, pana redio ya jirani, pana watoto, pana mvua juu ya bati. Mwenye hedifoni iliyo wazi huzishinda kelele hizo kwa kuongeza sauti, na hajui ameongeza kiasi gani. Mwenye iliyofungwa, kelele ikiwa imebaki nje, hutosheka na sauti ndogo.

Lakini tusiseme kwamba neno limekwisha. Askari si mtu wa kuziba masikio apendavyo. Aliye katika zamu ya kungoja wito, ambaye king'ora kikilia lazima awe nje na buti zake miguuni, akivaa hedifoni iliyofungwa na kuzama katika solo yake atakuwa amejiondoa kazini bila ruhusa huku amekaa kitandani. Tumesikia habari za namna hiyo, na hazikuisha kwa kicheko. Kwa saa hizo iliyo wazi ni bora, au iliyofungwa ivaliwe sikio moja tu, kama wafanyavyo mafundi wa redio, sikio la pili likibaki kwa serikali. Yenye vikombe vinavyogeuka husaidia sana katika hilo.

Sisi wenyewe, tukilazimishwa kutaja moja tu kwa askari wa kawaida wa kota, twataja iliyofungwa, na sharti la sikio moja siku za kungoja wito. Ziko nusu wazi pia, kama K240 ya AKG, ambazo hujaribu kuwapendeza wote wawili. Lakini katika chumba cha watu wanne nusu wazi ni wazi.

HESABU YA OMU

Mwenzetu mmoja alirudi kutoka safari ya kikazi na hedifoni nzuri ya Kijerumani, mito yake laini kama shavu la paka, jina lake la kuaminiwa. Akaichomeka katika kijisanduku chake cha betri, akapiga, akasikia gitaa kama lipigwalo ng'ambo ya mto. Akaongeza sauti hadi mwisho; likasogea ukingoni, lakini halikuvuka. Akaamini ameuziwa bandia. Tulipoigeuza kuitazama tukakuta imeandikwa omu 250, na habari ikawa imekwisha.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyoupinga umeme unaoingia. Kwa msukumo ule ule wa betri, hedifoni ya omu 250 hupokea takriban sehemu moja ya nane ya nguvu inayopokelewa na ile ya omu 32. Katika studio yenye mitambo mikubwa hilo si tatizo. Katika kijisanduku cha betri mbili ni tatizo kubwa. Jambo la kutega sikio ni kwamba hedifoni ile ile yaweza kuuzwa kwa omu tofauti. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, ambayo ni iliyofungwa, imeuzwa kwa omu 32, kwa omu 80 na kwa omu 250, na kwa mbali zafanana kama mapacha. Anunuaye kwa jina tu bila kusoma namba amecheza kamari.

Kwa vifaa vidogo twashauri kati ya omu 32 na 80. Humo mna nyingi zilizokwisha kujaribiwa na mafundi kwa miaka mingi: MDR-7506 ya Sony, iliyoko sokoni tangu mwaka 1991, yenye omu 63, inayokunjika ikaingia katika begi la safari, na ATH-M50x ya Audio-Technica, yenye omu 38 na waya wa kuchomoka. Hatusemi kwamba hizi ndizo pekee. Twasema kwamba anayezijua hizi ana fimbo ya kupimia nyingine.

Kinyume chake, namba inayopigiwa kelele zaidi na wauza duka ndiyo isiyo na maana kubwa kwetu. Watasema hii hufika hezi 40,000. Uzi mnene wa gitaa hulia kwa hezi 82, na noti ya juu kabisa shingoni haifiki hezi 1,400. Sauti zinazoandamana na noti hizo hupanda juu zaidi, lakini sikio la binadamu, tena la kijana, hukomea karibu na 20,000. Popo ndiye wa kununua ile ya 40,000. Mpiga besi tu ndiye aulize habari za chini, kwa kuwa uzi wake mnene hulia kwa hezi 41, na hedifoni dhaifu huupunja.

MASIKIO YENYEWE

Sasa twaja kwenye jambo lililotutia wasiwasi tangu mwanzo. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno, vya chembe zisizozidi elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio, ambavyo ndivyo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari iendayo kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya hospitalini inayozirudisha, wala kupumzika hakuzirudishi.

Askari huingia katika muziki akiwa amekwisha kutumia sehemu ya akiba hiyo. Mlio wa bunduki ya kivita karibu na sikio la mpigaji huzidi desibeli 150. Kila mmoja wetu anaijua ile filimbi nyembamba inayobaki masikioni baada ya siku ya shabaha, hasa kwa wale waliodharau vizibo. Filimbi hiyo ni malalamiko ya chembe zilizoumia. Mtu akirudi jioni na filimbi hiyo, akavaa hedifoni, hulazimika kuongeza sauti ili aisikie gitaa juu ya filimbi, na hapo huipiga mara ya pili sehemu iliyo na jeraha. Siku ya shabaha gitaa lingoje. Hata kesho yake, kama filimbi haijanyamaza, liendelee kungoja.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kilicho rahisi kushika: mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila ya hatari. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hugawanywa kwa mbili. Desibeli 83 ni saa 20. 86 ni saa 10. 92 ni saa mbili na nusu. Na ukifika 101, jambo ambalo hedifoni nyingi hulifanya bila shida, haki yako kwa wiki nzima ni chini ya dakika 20. Dakika hizo zitakwisha kabla hujamaliza kulandanisha nyuzi na kurudia wimbo mmoja mara tatu.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya madaktari waoga. Pete Townshend, mpiga gitaa wa kundi la Uingereza The Who, kundi lililojulikana kwa ukubwa wa kelele zake jukwaani, alieleza hadharani mwaka 2006 kwamba masikio yake yaliharibiwa zaidi na hedifoni alizovaa studio miaka mingi kuliko na jukwaa lenyewe.

Basi mtu apimeje, naye hana chombo cha kupimia? Avae hedifoni, apige kwa nguvu yake ya kawaida, kisha mwenziwe aliye umbali wa mkono aseme neno kwa sauti ya kawaida. Hedifoni ikiwa ya wazi na neno lisisikike kabisa, sauti imezidi. Ikiwa iliyofungwa, kipimo hicho hudanganya, kwa hiyo atumie kingine: aipige nyuzi ya gitaa isiyo na umeme, aisikilize, halafu avae na kupandisha sauti polepole kutoka sifuri hadi noti isikike wazi, akomee hapo, na asiiguse tena hata shauku ikimpanda katikati ya wimbo. Sikio huchoka na kuomba zaidi kama mlevi, na baada ya nusu saa huona kidogo kile kilichokuwa kingi. Kila baada ya nusu saa avue, atoke nje, anywe maji.

DUKANI

Aendaye kununua achukue gitaa lake na kijisanduku chake, asione haya. Wimbo wa simu hauwezi kumwonyesha jinsi gitaa litakavyosikika. Avae hedifoni robo saa nzima, si dakika moja, kwa maana ile ibanayo kidogo dukani huwa jiwe kichwani baada ya saa, na mwenye miwani ataumia mapema zaidi. Mito ya kitambaa chenye manyoya hupitisha hewa na huvumilika katika joto letu. Ya ngozi bandia huzuia kelele vizuri zaidi lakini hutoka jasho, na baada ya miaka michache hubanduka vipande vipande vyeusi vinavyoganda masikioni. Aulize kama mito mipya hupatikana. Atikise waya karibu na plagi huku akipiga. Sauti ikikatika, airudishe. Na bandia zimejaa masokoni, nyingi zikiwa na majina yale yale tuliyoyataja hapa, kwa hiyo bei iliyo nusu ya bei ya wengine isimfurahishe kabla hajaogopa.

Nyumbani, utaratibu uwe mmoja kila siku. Sauti sifuri kwanza, plagi ya hedifoni, plagi ya gitaa, hedifoni kichwani, ndipo sauti ipandishwe. Kuchomeka gitaa wakati hedifoni imekwisha kuvaliwa na sauti iko juu hutoa mlipuko ambao ni wa bure kabisa. Na mwenye amplifaya ya spika akumbuke kwamba plagi ya hedifoni ndiyo inayoinyamazisha spika hiyo. Plagi ikitoka, spika huamka. Sajini mmoja tunayemfahamu alisahau hilo saa nane za usiku. Alikuwa amepandisha sauti ya amplifaya hadi karibu na mwisho, kwa kuwa hedifoni yake ilikuwa ya omu nyingi, na alipoinuka kufuata maji ya kunywa waya ukanasa kwenye mguu wa kiti. Safu nzima ya kota ikaamka, wawili wakatoka na buti mkononi wakidhani ni wito, na asubuhi yake sajini meja akataka kujua, mbele ya kikosi kizima, wimbo ule unaitwaje.